Ulalavyo Usiku na Macho Yako

Jana usiku ulilala kifudifudi, kwa ubavu au chali? Labda swali hili litakuchekesha. Lakini kwa mwenye presha ya macho, ugonjwa uitwao glakoma, si jambo la kuchekesha.

Ndani ya jicho mna maji safi, wala si machozi. Kila saa hutengenezwa mengine, na ya zamani hutoka kwa vijia vyembamba mpaka katika damu. Vijia vikizibwa, maji hujaa kama mfereji wa kuoshea kahawa ulioziba kwa maganda, na presha ya jicho hupanda. Ndipo mshipa wa fahamu upelekao habari za jicho katika ubongo hufa kidogo kidogo, na mara nyingi pasipo maumivu yoyote. Mzee huanza kujikwaa na kugonga mlango kwa bega, maana mbele huona, pembeni haoni. Watu wa nyumbani husema, "Ni mtoto wa jicho tu, atapasuliwa." Hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto wa jicho akitolewa, kwa kawaida mtu huona tena. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi.

Wala si ugonjwa wa mbali. Huko Kongwa, mkoa wa Dodoma, walipimwa watu 3,268 wenye miaka 40 na zaidi, na taarifa ikatolewa mwaka 2000: katika kila watu 100, wapata 4 walikuwa nao.

Sasa tuje kitandani. Mtu akiketi, presha ya jicho kwa kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Akilala, damu ya kichwani na shingoni haiteremki upesi, basi maji ya jicho nayo hutoka kwa shida, na presha hupanda. Akilala kwa ubavu, jicho la chini hupanda kidogo kuliko la juu. Kifudifudi ni vibaya zaidi, hasa jicho likigandamizwa na mto au mkono. Mwenye macho mazima asikose usingizi kwa habari hii. Lakini kwa mwenye glakoma, muda wa saa saba au nane kila usiku si haba.

Huyo na alale chali, au asilalie jicho lililo bovu zaidi. Wengine waliolala mgongo na kichwa vimeinuliwa pamoja, presha yao ilishuka. Kurundika mito mitatu ni jambo jingine. Hukunja shingo tu. (Na ukiweka tofali chini ya miguu ya kitanda, liwe imara, mzee asije akaanguka!)

Dawa ya matone isiachwe kwa sababu mtu amebadili ulalaji. Na kama baba, mama au ndugu yako wa tumbo moja anao ugonjwa huu, hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani. Ukitimiza miaka 40, nenda ukapimwe hata kama unaona vizuri. Ninyi wa Ruanda, na wa kando ya Ziwa kule Liuli na Mbamba Bay, ulizeni kwanza zahanati ni siku gani mganga wa macho yupo Mbinga, Litembo au Peramiho, maana nauli ni fedha. Na ukimpeleka mzee, jipimishe nawe siku hiyo hiyo.