Mganga wa Mchezoni Alipe Bei Gani?

Mchezo ninaotaka kuwaeleza hauna kiwanja wala mpira. Watu wanne au watano huizunguka meza, au hata mkeka. Mmoja ni msimulizi: yeye hutunga nchi, milima na hatari zake. Wengine kila mmoja huchukua mtu wake katika hadithi: huyu mwindaji, huyu mhunzi, yule mganga. Msimulizi husema, “Mmefika mlangoni pa pango, ndani ni giza.” Nao humjibu watakalofanya. Pale ambapo hakuna ajuaye kama jambo litafaulu, dadu hutupwa.

Mchezo wa namna hii ulichapishwa kwanza Marekani mwaka 1974, kwa jina la Dungeons & Dragons, kazi ya mabwana Gary Gygax na Dave Arneson. Kwetu sisi tuliolelewa kwa ngano za bibi penye moto, si jambo geni sana. Ila hapa wasikilizaji nao wamo ndani ya hadithi.

Shida huanza kwa yule mganga. Mwindaji ana upinde, nasi twajua mshale wake wafika wapi. Nguvu za mganga je? Akiweza kila kitu, wenzake hubaki kumtazama tu, na mchezo hufa usiku ule ule. Wale Wamarekani waliamua kwamba mganga hujifunza maneno yake, na neno akilitumia mara moja humtoka kichwani mpaka ajifunze tena. Mimi sikupendezwa, uganga wawa kama risasi za bunduki. Afadhali vijana wetu watunge kanuni zao wenyewe, maana mali ya kutungia wanayo hapa hapa Uluguru.

Chukua mvua. Jina la Kingalu wa Kinole lajulikana sana kwa habari za mvua, na zamani watu walikwenda pangoni kwa Kolelo kuiomba. Basi mchezoni mganga na aite mvua. Atupe dadu mbili, ajumlishe. Akipata 9 au zaidi, yanyesha. Katika namna 36 ambazo dadu mbili zaweza kuangukia, ni 10 tu zinazofika hapo. Akitaka nafasi zaidi, alipe. Akishinda siku nzima na njaa, aongeze 1. Akitoa mbegu zote walizoweka akiba ukoo wa mama yake, aongeze 2. Sasa ana 21 katika 36, lakini mvua ikija, hana cha kupanda! Hapo ndipo wachezaji huanza kubishana sawasawa, na mabishano hayo ndiyo utamu wenyewe.

Tena mvua haikai pale ilipoitwa. Maji ya milima yetu huteremkia mto Ruvu, ambao hunywesha hata Dar es Salaam. Msimulizi asisahau watu wa bondeni.

Kinga ya risasi ningeikataa kabisa. Maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yaliahidi hivyo, na vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata, viliua watu maelfu kwa maelfu.

Mama mmoja alikuja ofisini kwangu kuuliza kama mwanawe aungame kwa kucheza uganga. Karani wa parokia si padre, nikamwelekeza kwa Padre. Lakini nionavyo mimi, Katekisimu, namba 2116 na 2117, yakataza kupiga ramli na kutafuta nguvu za siri juu ya wenzetu; kusimulia habari zake ni jambo jingine. Bwana Tolkien wa Oxford, Mkatoliki hasa, alitoa mwaka 1954 na 1955 hadithi ndefu ya pete ya uchawi: huifanya mtu asionekane, nayo humla roho polepole. Hiyo nayo ni bei.

Liko jambo moja tu ninalowasihi wazazi wasilivumilie: mganga wa mchezoni asipewe nguvu ya kufichua wachawi. Katika nchi yetu wameuawa vikongwe ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mtoto asizoee mezani kwamba dadu humwonyesha mwovu ni nani. Mwovu wa hadithi na ajulikane kwa nyayo, kwa mahindi aliyoiba, kwa shahidi aliyemwona.

Kanuni ziandikwe daftarini, zijaribiwe usiku watatu, ndipo zirekebishwe. Dadu zikikosekana, tieni kete kumi za bao ndani ya kofia, tatu zikiwa na alama ya mkaa. Atoaye yenye alama amefaulu. Aliyefunga chakula, atiliwe alama nne. Aliyetoa mbegu, sita.