Herufi ya mwisho ya Masakũ yavuruga maandishi ya michezo ya tarakilishi

JINA la mji wa Machakos latokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba aliyeishi eneo hilo katika karne ya 19. Wenyewe huliandika Masakũ, herufi ya mwisho ikiwa na kiwimbi juu yake. Kiwimbi hicho si pambo: Kikamba kina irabu saba, na ũ ni tofauti kabisa na u. Hata hivyo, kwa kijana anayeandika programu-jalizi, yaani kijiprogramu kinachopachikwa juu ya mchezo wa tarakilishi ili kubadilisha kile mchezaji anachokiona kwenye skrini, herufi hiyo moja yaweza kumkosesha usingizi.

Mfano mzuri ni World of Warcraft, mchezo uliotoka mwaka 2004. Programu-jalizi zake huandikwa kwa Lua, lugha iliyobuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro nchini Brazili, na ambayo jina lake kwa Kireno ni mwezi.

Katika mchezo huo, rangi ya maneno huamuliwa na alama zinazochomekwa ndani ya maandishi yenyewe. Wahariri wa magazeti watazitambua: ni jamaa za zile zilizoandikwa kwa kalamu pembeni mwa nakala ili kumwelekeza mpanga chapa, ambazo msomaji hakukusudiwa kuziona. Anayetaka jina la mji litokee kwa kijani huandika hivi:

|cff00ff00Masakũ|r

Mstari wima na herufi c hufungua rangi. Jozi ya kwanza ya ff ni ya ukolevu. Jozi tatu zinazofuata ni za nyekundu, kijani na samawati, kila moja ikianzia 00 hadi ff, sawa na 0 hadi 255. Alama |r hufunga. Isipokuwapo, rangi humwagikia maneno yote yanayofuata katika maandishi hayo.

Balaa huanza pale nafasi inapokuwa finyu na mwandishi akaamua kukata maneno. Lua huhesabu baiti, si herufi. Masakũ ina herufi sita lakini baiti saba, kwani ũ huhifadhiwa kwa baiti mbili. Ukijumlisha alama za rangi, mstari mzima ni baiti 19, ingawa jicho laona herufi sita tu. Ukikatwa kwenye baiti ya 16, ũ hupasuliwa katikati na alama ya kufunga hupotea. Makosa mawili kwa mkato mmoja!

Dawa ni kufuata utaratibu: kata kwanza maandishi yakiwa matupu, kwa hesabu ya herufi, kisha ndipo uyavishe alama. Toleo la 5.3 la Lua, lililotoka mwaka 2015, lilileta maktaba ya kuhesabu herufi za aina hii. World of Warcraft hutegemea toleo la 5.1, lakini wenye mchezo waliongeza amri yao, strlenutf8, kwa kazi hiyo hiyo.

Wengi hukwepa usumbufu huu kwa kuandika Masaku bila kiwimbi. Skrini hutulia, lakini jina linalosomeka hapo si lile linalotamkwa na wenye mji.