UZI: Kituo cha data kitakula stima ya mabwawa mangapi?

1. Siku hizi hukosi kusikia jukwaani: "Tunaleta vituo vya data, na stima yetu ni safi, hakuna shida." Mwingine anajibu: "Watatumalizia stima!" Wote wanapigiwa makofi. Wacha tupige hesabu, na kipimo chetu kiwe mabwawa yetu ya Mto Tana.

2. Kituo cha data ni jumba lililojaa kompyuta zinazofanya kazi mchana na usiku. Picha unayopakia, swali unalouliza akili unde, vyote vinapitia huko. Kompyuta zinakula stima na kutoa joto. Kulipoza joto hilo kunataka stima tena, na mara nyingi maji.

3. Mei 2024, Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza kituo cha kutumia mvuke wa Olkaria, kule Naivasha. Mwanzo: megawati 100. Mpango: kukua hadi 1,000.

4. Sasa linganisha. Masinga ni megawati 40. Kindaruma 72. Kamburu karibu 94. Kiambere 168. Gitaru, kubwa kuliko zote za maji Kenya, 225. Jumla ni karibu 600. Yaani ile 100 ya mwanzo tu inapita Kamburu nzima. Na kwa 1,000, hata yote matano yakizalisha kwa nguvu zote hayatoshi!

5. Wanaounga mkono wana hoja, tusiwabeze. Karibu asilimia 90 ya stima inayozalishwa Kenya ni ya mvuke, maji, upepo na jua. Usiku wa manane watu wakilala, mvuke mwingine wa Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Mteja wa saa 24 angeununua.

6. Lakini njoo jioni, kila nyumba imewasha taa. Mwaka 2025 mahitaji ya wakati huo yalipita megawati 2,300, na tayari tunanunua stima Ethiopia. Kompyuta hizo hazilali jioni. Stima kuwa safi si sawa na stima kutosha: megawati ikienda kwao, haiji kwako. Pengo likijazwa na mitambo ya mafuta, gharama inaingia kwenye tokeni zetu sote. Usafi nao umeenda.

7. Ayalandi wameyaona. Mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya stima ya nchi. Kufika 2023 ilikuwa asilimia 21, zaidi ya nyumba zote za mijini. Wakalazimika kubana maombi mapya ya kuunganishwa, hasa Dublin.

8. Halafu kuna suala la haki. Kindaruma ilianza 1968, lakini bado kuna boma Mbeere ambazo laini kubwa zinapita karibu na ndani wanawasha koroboi. Kwa mvuke, Sheria ya Nishati ya 2019 inagawa mrabaha: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii ya mahali 5. Kwa mabwawa, Embu na majirani wangali wanavutana kuhusu nani apate nini. Hilo ni funzo: mgao huandikwa kabla mtambo haujawashwa. Baadaye ni kubembeleza.

9. Kwa hivyo mgombea akija Siakago, Runyenjes, Nkubu au Maua na hadithi ya vituo vya data, muulize:
– Megawati hizo ni mpya, au zinatolewa kwa hizi tulizonazo?
– Jioni stima ikipungua, nani anakatiwa kwanza, wao au sisi?
– Maji ya kupoza yanatoka wapi, na laini mpya inalipiwa na nani?

10. Akijibu "stima yetu ni safi" halafu anyamaze, hajajibu swali hata moja. Na yule wa "watatumalizia" mwambie alete hesabu pia. Sambaza kwa watu wa kwenu kabla mikutano haijaanza.