Mama Maggy na watoto wa Ruyigi

Akina mama wapendwa wa Gasenyi, kati yenu wapo wanaolea watoto wasiowazaa, na hakuna anayewalipa. Basi huyu ni mwenzenu.

Tarehe 24 Oktoba 1993, kule Ruyigi, watu zaidi ya 70 waliuawa kwenye nyumba ya askofu. Marguerite Barankitse alifungwa kwenye kiti, akaona yote. Akatoka hapo na watoto 25, Wahutu na Watutsi, shirika hana, pesa hana. Maison Shalom ilianza hivyo.

Tunachokipenda sisi: hakutaka watoto wazeekee kwenye nyumba ya mayatima. Aliwatafutia ndugu zao. Waliokosa ndugu wakapewa nyumba ndogo vijijini, wakubwa wanatunza wadogo, wanalima, wanajuana na majirani. Mwaka 2008 ikaja na hospitali. Mwaka 2015 Maggy mwenyewe akawa mkimbizi Rwanda, na kazi akaifuata kwa Warundi wa kambi ya Mahama.

Mama, kama mtoto unayemlea hajui ndugu zake wako wapi, mwulize polepole, si siku moja: jina la baba, la mama, mlima wao, kanisa au soko la karibu. Andika. Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu bila malipo.