Takwimu za afya India: Mganga wa wilaya aamini zipi?

India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, na takwimu zake nyingi za afya ya jamii zinapatikana kwenye intaneti. Lakini mganga mkuu wa wilaya akitafuta idadi ya watoto waliopata chanjo, anaweza kukuta majibu yanayotofautiana, yote yakiwa ya serikali. Akichukua jibu lisilofaa, kuna watoto watakaobaki bila kinga na hakuna atakayejua.

Kwa nini takwimu hizo zinatofautiana? Tuangalie vyanzo vitatu vikubwa.

Taarifa za vituo vya afya

Mfumo wa HMIS ulianza mwaka 2008. Kila mwezi vituo vya afya, hadi vile vidogo vya vijijini, hutuma hesabu ya kina mama waliojifungua, watoto waliochanjwa na huduma nyingine. Faida yake ni kwamba taarifa ni za karibuni na zinaonyesha hali ya kila wilaya.

Udhaifu wake ni kwamba unahesabu waliofika kituoni. Mama aliyejifungulia nyumbani anaweza asionekane, na taarifa za hospitali binafsi mara nyingi hazikamiliki.

Kuna tatizo jingine: idadi ya watoto wanaotakiwa kuchanjwa ni ya makadirio, na kwa miaka mingi makadirio hayo yametegemea sensa ya mwaka 2011. Chukua mfano wa wilaya inayokadiriwa kuwa na watoto 1,000, kumbe wapo 1,250. Wakichanjwa 1,000, ripoti itasema asilimia 100, huku watoto 250 wamesahaulika.

Utafiti wa kaya

Utafiti wa NFHS ulianza mwaka 1992. Hapa wadadisi huenda nyumba kwa nyumba, kwa hiyo hata aliyejifungulia nyumbani anahesabiwa. Awamu ya tano, ya 2019 hadi 2021, ilifikia kaya zaidi ya 630,000. Ilionyesha kuwa asilimia 88.6 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, na asilimia 76.4 ya watoto wa miezi 12 hadi 23 walikuwa wamepata chanjo zote za msingi.

Wasikilizaji wa Kenya na Tanzania wanaufahamu utafiti wa aina hii. Ni ndugu wa KDHS na TDHS.

Udhaifu wake ni muda. Miaka kadhaa hupita kati ya awamu moja na nyingine. Pia unatoa picha ya wilaya nzima. Hauwezi kukuambia ni kijiji gani kimeachwa nyuma.

Taarifa za milipuko

Mwaka 2004 India ilianzisha mpango wa kufuatilia magonjwa, IDSP, ambao umekuwa ukichapisha orodha ya milipuko ya kila wiki. Mwaka 2021 ulizinduliwa mfumo mpya wa kidijitali, IHIP, unaofuatilia magonjwa zaidi ya 30 na kupokea taarifa kwa haraka zaidi.

Kipindupindu au homa ya dengi ikizuka, hapa ndipo pa kuangalia kwanza. Lakini msomaji atofautishe mgonjwa anayeshukiwa na yule aliyethibitishwa na maabara. Wilaya isiyoripoti ugonjwa inaweza kuwa salama, au inaweza kuwa haina maabara ya kupima.

Basi afanyeje?

Chanzo kinategemea swali. Kama swali ni kuna mlipuko wiki hii, atumie taarifa za IDSP na IHIP. Kama ni huduma zilizotolewa mwezi uliopita, atumie HMIS. Kama ni watoto wangapi kweli wana kinga, NFHS ina jibu la uhakika zaidi, ingawa ni la zamani kidogo.

Tena, tofauti yenyewe ina maana. Vituo vikisema asilimia 100 na utafiti wa kaya ukisema 76, mganga anapaswa kuwatuma wahudumu wa afya wa vijijini, wanaoitwa ASHA, wapite nyumba kwa nyumba na kadi za chanjo.

Nawe msikilizaji, ukiona takwimu ya afya kwenye simu yako, iwe ya India au ya kwenu, uliza: nani walihesabiwa, lini, na kati ya wangapi?