Usukani wa Jahazi Ndani ya Pikapu

Juma lililopita, katika gereji moja ya Bamburi, nilimtazama fundi akiifungia pikapu kuukuu ya Peugeot 504 kabureta iliyotolewa kwenye gari jingine. Haikukaa mara moja; alipanua matundu yake kwa tupa kwanza.

Lugha nayo hufanya vivyo hivyo. Klachi, gia na breki tulizitwaa kwa Waingereza tukazichonga zikubaliane na ndimi zetu. Usukani tuliutoa jahazini, na asili yake ni Kiarabu. Hata hivyo wapo walimu, nami nilikuwa mmoja wao, wanaomnyima mwanafunzi alama kwa kuandika “klachi”.

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi gereji na daftari mkononi. Kabureta zinatoweka; mafundi wake wakiisha, msamiati huo tutauokota wapi?