Mwako Usio Kamili: Usawazishaji wa Milinganyo na Tatizo la Istilahi

Istilahi mwako usio kamili imeundwa kwa ukanushi: yaeleza kilichokosekana, haielezi kilichotokea. Hapo ndipo panapoanzia utata unaomkabili mwanafunzi anayetakiwa kusawazisha mlinganyo wake. Propani, mojawapo ya gesi zinazojazwa katika mitungi ya kupikia, ni mfano unaofaa. Ikipata oksijeni ya kutosha, mlinganyo wake ni mmoja tu:

(1) C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Kusawazisha ni kuhakikisha kuwa idadi ya atomi za kila elementi ni ile ile katika pande zote mbili. Kinachobadilishwa ni tarakimu inayotangulia fomula. Tarakimu ndogo ya chini haiguswi. Anayeandika CO₂ mahali pa CO ili hesabu imkubalie hajasawazisha kitu, bali ametaja gesi nyingine, mithili ya mtu abadiliye mzizi wa neno akidhani amebadili kiambishi cha idadi.

Oksijeni inapopungua, milinganyo huwa mingi. Ifuatayo yote imesawazishwa:

(2) 2C₃H₈ + 7O₂ → 6CO + 8H₂O
(3) C₃H₈ + 4O₂ → CO₂ + 2CO + 4H₂O
(4) C₃H₈ + 2O₂ → 3C + 4H₂O

Kwa hiyo, swali lisemalo tu "sawazisha mlinganyo wa mwako usio kamili wa propani" lina kasoro ya lugha kabla ya kuwa gumu kikemia. Sharti mtunzi ataje mazao. Yakishatajwa, kazi ni nyepesi: kaboni huhesabiwa kwanza, kisha hidrojeni, na oksijeni mwisho, kwa kuwa O₂ husimama peke yake na kuibadili hakuvurugi elementi nyingine. Katika (2), molekuli moja ya propani yahitaji atomi 7 za oksijeni, yaani molekuli tatu na nusu. Ndiyo maana kila tarakimu imezidishwa kwa mbili.

Tatizo zito zaidi ni la kuitaja CO yenyewe. Masizi ya (4) huonekana, nayo CO₂ imekwisha kupata jina linalofahamika, hewa ukaa. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na katika mazungumzo ya kawaida aghalabu huingizwa katika neno moshi. Matokeo yake ni imani kwamba jiko la mkaa uliokolea, lisilotoa moshi, laweza kuingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Mkaa huo huo, hewa ikiwa haba, huwaka hivi:

(5) 2C + O₂ → 2CO

Gesi hiyo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Viambishi mono na di havimwambii chochote msemaji wa Kiswahili asiyefundishwa kwamba ni moja na mbili. Kuviacha katika istilahi si kosa, maana ni vya kimataifa. Lakini kamusi na vitabu vya kiada vivifafanue pale pale vinapotajwa, na moshi lisitumiwe kamwe kufasiria CO.